Gesi Iliyomlevya Kibwana

Kibwana alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akila, alicheka akibishana, na mama yake, Bi Mwajuma, alidai kwamba alicheka hata usingizini, mpaka kuku waliolala uvunguni wakaamka wakidhani kumekucha. Huko Kinole, juu milimani, wajomba zake walimfundisha uhunzi. Alivuta mivukuto, akafua majembe na mapanga, mikono yake ikanenepa kama migomba. Angezeekea hukohuko, lau Wajerumani wasingefikisha reli Morogoro.

Siku aliyoteremka mjini na mkungu wa ndizi kichwani ndiyo siku aliyoliona garimoshi kwa mara ya kwanza, likiingia stesheni kwa kelele na jasho kama fahali mwenye wazimu. Watu walitawanyika. Kibwana alitua ndizi zake chini, akalisogelea, akalipapasa ubavuni, akaungua kiganja, akacheka.

"Chuma!" alimwambia mtu asiyemjua, kama aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. "Hiki chote ni chuma!"

Ndizi hakuzikumbuka tena. Kabla ya juma kwisha alikuwa ameajiriwa katika karakana ya reli.

Mkubwa wa karakana alikuwa Bwana Lindner, Mjerumani mfupi mwenye sharubu zilizopindwa juu kama pembe za mbuzi. Alizipaka nta kila asubuhi, na zilipoinama kwa joto la mchana, kila mtu alijua hasira yake imekaribia. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: lete, ondoa, upesi. Maneno marefu zaidi yalipitia kwa Fransisko, Mluguru mwenzake Kibwana aliyesomeshwa na mapadri wa misheni. Fransisko alikuwa mwembamba, mwenye uso wa huzuni kama anayetoka mazikoni, ila utani wake ulikuwa mkali kuliko patasi. Yeye Mkristo, Kibwana Mwislamu, na hawakupitisha siku bila kutaniana.

Nje ya karakana, upande wa Bigwa, alikuwako Chausiku.

Chausiku alikuwa binti mrefu, mcheshi, na alikuwa na pua. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa, ilikuwa inajua. Bigwa nzima walimwita aje kunusa maziwa kama yameanza kuchacha, samaki wa kukausha kama ni wa jana au wa juzi, hata ghala la mpunga kama panya wamefia ndani. Kibwana alimkuta sokoni akimwambia mwuza samaki ukweli asiotaka kuusikia, akacheka mpaka akakaa chini. Chausiku naye akamtazama jitu hilo lililokaa mavumbini likifuta machozi, akacheka pia. Mambo yakaanzia hapo.

Posa ilikwenda kwa mjomba wa Chausiku, maana kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Naye mjomba Mikidadi, mwalimu wa Kurani pale Bigwa, hakuwa mtu wa haraka. Alisema atamtazama kwanza kijana mwenyewe, tabia yake, na swala yake. Kibwana akajitahidi kutocheka mbele yake, kazi iliyomtoa jasho kuliko nyundo.

Ndipo ikaja masika mbaya.

Mvua ilinyesha Uluguru ikaacha kunyesha ikakumbuka tena. Mto ukafurika, reli ikamomonyoka upande wa Ngerengere, na pale stesheni mguu mmoja wa tangi la maji ukadidimia kwenye tope. Tangi lenyewe, la bamba nene la chuma, likapinda na kupasuka chini, ufa mrefu kuliko mkono wa mtu. Maji yote yakamwagika. Na garimoshi bila maji ni sufuria tupu.

Serikali haikukosa la kufanya. Askari walipita Bigwa na vitongoji vyote, kiboko mkononi, wakawatoa watu majumbani kuteka maji mtoni na kuyabeba mpaka stesheni. Vijana, wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, wote msururu mmoja na madebe kichwani. Mjomba Mikidadi naye alikuwamo, kanzu imepandishwa, magoti yakilia. Chausiku alitembea nyuma yake, akimpokea debe kila askari alipotazama kando.

Kibwana aliwaona kupitia dirisha la karakana, na siku hiyo hakucheka.

"Tangi hili tulizibe," alimwambia Fransisko. "Mwambie Bwana. Kwa njia yoyote."

Bwana Lindner alikuwa ameshajaribu. Aliuinua ule mguu kwa magogo, akapiga kiraka cha chuma kwa misumari ya kugongelea, lakini maji yalipita pembeni kama yanawacheka. Basi akafungua sanduku kubwa lililokuwa limefika kutoka Ulaya na halijaguswa bado. Ndani mlikuwa na kichomeo cha shaba nyeupe, mipira mirefu ya kupitishia gesi, miwani nyeusi, na kitu kama pipa lenye mabomba. Nje aliwaonyesha mitungi. Mmoja, alieleza kupitia kwa Fransisko, una oksijeni, hewa inayoutia moto nguvu. Oksijeni peke yake haiwaki. Inahitaji mwenzake wa kuungua naye. Na wenzake hapa wako wawili, lazima wachague. Wa kwanza ni hidrojeni, iliyoshindiliwa mtungini tayari. Wa pili ni asetilini, ambayo hutengenezwa palepale: unatia mawe ya kijivu yaitwayo kabidi ndani ya lile pipa, yakikutana na maji yanachemka kama chokaa na kutoa gesi.

"Ipi nzuri?" Kibwana aliuliza.

Bwana Lindner alipekecha sharubu yake. Asetilini ina moto mkali zaidi, alisema, lakini aliwahi kusikia mapipa yake yakipasuka. Hidrojeni ni safi, haina moshi, haina harufu. Wataanza na hidrojeni.

Asubuhi hiyo mvua ilipumzika na jua likatoka kali. Bwana Lindner alifungua koki, akawasha kiberiti, pakasikika mlio mdogo, paf, kisha kimya. Walitazama ncha ya kichomeo. Hapakuwa na kitu.

"Umezimika," akasema Fransisko.

Bwana Lindner akainama kuchungulia. Moto ulikuwako, ila katika mwanga ule wa jua haukuonekana hata kidogo, kama shetani. Harufu ya nywele zilizoungua ikaenea, na Bwana Lindner alipoinua uso, sharubu ya kushoto ilikuwa pale pale, imepinda kwa fahari. Ya kulia ilikuwa imekwenda.

Kibwana aliuma mdomo. Alitazama dari. Alifikiria misiba yote ya ukoo wao, mmoja mmoja. Fransisko, kwa uso wake wa mazikoni, akanong'ona, "Mbuzi amebaki na pembe moja tu," na hapo Kibwana akakimbilia nyuma ya behewa, akacheka kwa mkono mdomoni mpaka mbavu zikamwuma.

Moto wenyewe haukufaa kitu. Walipouelekeza kwenye bamba la tangi, chuma kile kinene kilikuwa chekundu tu kama kimeona haya, hakikuyeyuka. Mtungi ukaisha, na mingine ilikuwa Dar es Salaam, ng'ambo ya reli iliyokatika.

Ikabaki asetilini.

Kesho yake mvua ilirudi, kwa hiyo pipa la gesi wakaliingiza katika kibanda cha vifaa na kufunga mlango. Bwana Lindner aliamuru kitu kimoja kabla ya kuondoka kwenda kutazama reli: pasiwashwe moto wowote mpaka arudi. Kibwana alikuwa ameandaa bomba zuri la shaba nyekundu la kuunganishia, amelisugua likang'aa kama mkufu. Bwana Lindner alipoliona alilinyang'anya na kulitupa matopeni.

"Shaba hapana! Hapana kabisa!"

Gesi hii ikikaa na shaba nyekundu, Fransisko alifasiri, inazaa chumvi inayolipuka kwa kugongwa tu. Kibwana alilitazama bomba lake tope likiliingia, akasikitika kidogo, akaleta la chuma.

Bwana alipoondoka, wao wawili wakatia kabidi, wakatia maji. Pipa likaanza kunguruma tumboni. Harufu ikapanda, nzito, ya kitunguu saumu kilichosahauliwa majini. Kiungo kimoja kilikuwa kinavuja, lakini wao, wenye furaha ya kuona kipimo cha gesi kikipanda, waliona ni harufu ya kazi. Wakakaa humo, mlango umefungwa, wakilichunga pipa lao.

Baada ya muda Kibwana aliona kwamba Fransisko ni mtu mzuri sana.

"Fransisko," alisema, "una masikio mazuri."

"Najua," alisema Fransisko, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kilatini. Uso wake wa huzuni ulikuwa umeyeyuka wote. Kibwana hakujua Kilatini, lakini alimwitikia. Kichwa chake kilikuwa chepesi kama pamba, miguu yake mbali sana, na kila kitu, nyundo, ndoo, mvua juu ya bati, kilikuwa kichekesho kikubwa. Walikumbatiana. Wakaufungua mlango ili dunia nayo ifaidi.

Nje, kwenye matone ya mvua, alisimama mjomba Mikidadi na debe lake. Alikuwa amekuja kumwuliza Kibwana kama anaweza kumwombea kwa Bwana apumzishe magoti. Nyuma yake alikuwa Chausiku, na nyuma ya Chausiku nusu ya Bigwa.

Kibwana alimwona mjomba, akajua kwamba hapa panahitajika heshima. Akajikusanya. Akainamisha kichwa, akauelekea mwimo wa mlango, na kwa sauti nene akauambia:

"Marahaba!"

Madebe yote yakasimama.

"Astaghfirullah," alisema mjomba Mikidadi. "Mchana kweupe! Kijana amelewa!"

"Sijalewa, mjomba," Kibwana alisema, safari hii akimgeukia mjomba mwenyewe. "Miguu ndiyo imelewa. Mimi mwenyewe niko salama." Kisha akacheka, vicheko vyote alivyokuwa amevizuia tangu siku ya posa vikatoka kwa pamoja. Fransisko, aliyekuwa ameukumbatia mgomba nje ya kibanda, akamalizia wimbo kwa Amina ndefu.

"Rafiki yako huyu wa misheni ndiye aliyekunywesha!" mjomba alinguruma. "Ndoa hakuna!"

Chausiku alitua debe. Akamsogelea Kibwana mbele ya watu wote, akamnusa bega la kulia, akamnusa la kushoto.

"Mjomba, hii si pombe."

"Na wewe pombe umeijulia wapi?"

"Napita penye vibanda vya wapika pombe kila siku nikienda shamba, na pua haina kifuniko. Pombe inanuka mtama uliochacha. Huyu ananuka kitunguu saumu kilichooza." Akaingiza kichwa kibandani, akakitoa haraka. "Kinatoka humu. Ni hewa, mjomba. Wamelewa hewa."

Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kumrudisha Kibwana. Furaha ilimtoka kama maji kwenye tangi, nafasi yake ikachukuliwa na kichwa kinachogonga. Alimwona mjomba usoni, akaelewa alichofanya, akatamani ardhi impokee.

"Shikamoo, mjomba," alisema kwa sauti ndogo.

Mjomba hakuitika. Alikuwa anafikiri. "Kama hewa hiyo inalevya," alisema hatimaye, akiinua kidole, "basi hukumu yake ni hukumu ya pombe. Chagua, Kibwana. Hewa hiyo, au mpwa wangu."

Bwana Lindner aliporudi na kuipata harufu, alikuwa mweupe zaidi ya ilivyokuwa desturi yake. Alifungua milango yote kwa mikono yake mwenyewe. Cheche moja tu, alimwambia Fransisko, sigara moja, na paa la kibanda lingeokotwa mbali kule Msamvu. Kisha akakaa juu ya kreti, sharubu yake moja imeinama, akasema basi. Gesi zote mbili ni hatari. Wasubiri reli ipone, waombe mitungi mingine ya hidrojeni, na watu waendelee kubeba maji.

Kibwana alimfikiria Chausiku. Alifikiria pia magoti ya mjomba. Kichwa kilimwuma, lakini moyo wake ulikataa.

"Mwambie Bwana," alimwambia Fransisko, "hidrojeni haionekani wala hainuki. Imemnyoa na hakujua. Hii nyingine inanuka toka mbali. Ikivuja, inajitangaza yenyewe. Sisi ndio tulioisikia tukakaa nayo kama mgeni. Na moto wake ni mkali, yeye mwenyewe kasema. Tatizo si gesi, tatizo ni kuifungia chumbani."

Fransisko alifasiri. Bwana Lindner alisikiliza, akagusa mahali pa sharubu iliyokosekana. Akauliza maswali mengi. Wakabishana huku mvua ikipiga bati: Bwana alijua kizuizi cha maji, chombo kidogo kinachozuia moto usirudi nyuma kwenye pipa, na alitaka kifungwe kabla ya kila kitu. Alijua pia kwamba kiungo kinachovuja hutafutwa kwa povu la sabuni, na kamwe si kwa kiberiti. Kibwana alijua banda la wahunzi wa Kinole, paa la makuti bila kuta, moshi unakwenda unakotaka. Walichanganya elimu zao wakapata jambo moja. Pipa litakaa nje, chini ya paa lisilo na kuta, mbali na kichomeo kadiri mpira unavyofika, na hakuna atakayelisogelea na moto.

"Na Chausiku aje kunusa," aliongeza Kibwana.

Bwana Lindner alidhani amesikia vibaya. Lakini siku ya pili yake, baada ya viungo vyote kukazwa, Chausiku alipita kuanzia pipani mpaka kichomeoni, mikono nyuma, kama mkaguzi wa serikali. Akasimama penye kiungo kimoja ambacho sabuni ilikuwa haijapakwa.

"Hapa."

Wakapaka povu. Likatoa kipovu kimoja kidogo, kikapasuka. Bwana Lindner alivua kofia, kisha akakikaza kiungo.

Mjomba Mikidadi naye, alipoambiwa hewa hiyo haitafungiwa tena chumbani, akalegeza hukumu, akaja na sharti lake. Kibwana asome Alfatiha kabla ya kuwasha, na kila atakapopumzika aisome tena. Siku atakapoikosea herufi moja, mjomba atajua hewa imempanda kichwani, na habari ya ndoa itakuwa imekwisha. Kibwana akakubali. Akasoma, mjomba akatikisa kichwa: sawa.

Akavaa miwani nyeusi, akafungua koki, Bwana Lindner akawasha. Moto ulitoka wa njano na masizi; oksijeni ilipoongezwa ukajikaza, ukawa mkali, na katikati yake kiini kidogo cheupe chenye ncha kama sindano. Unaonekana! Unaweza kuupima kwa macho! Kibwana aliupeleka kwenye ufa, na bamba lile lililoishinda hidrojeni likang'aa, likatetemeka, likawa ziwa dogo linalometa. Akaliongoza taratibu, akilisha waya wa chuma, na nyuma yake ziwa likaganda likawa kovu zuri lenye mawimbi. Maisha yake yote alikuwa amekipiga chuma mpaka kitii. Leo kilikuwa kinatiririka. Furaha ilimpanda tena kichwani, na safari hii hapakuwa na gesi ya kulaumu.

"Soma!" mjomba alipiga kelele alipomwona anatabasamu.

Akasoma, bila kukosea. Akaendelea. Bwana Lindner, ambaye hakuelewa lolote, aliamini kwamba usomaji ule ni sehemu ya ufundi, na Kibwana alipochukua muda kupumzika akamkumbusha mwenyewe kwa mkono: haya, soma.

Ufa ulipofika mwisho, kila aliyekuwa na debe alilimimina tangini. Watu wakakaa chini ya tangi, shingo juu, wakingoja tone. Walingoja. Mtoto mmoja akasema ameliona, ikawa ni jasho la Kibwana. Tangi lilijaa, na kovu likabaki kavu kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ndipo vigelegele vikapasuka, madebe yakawa ngoma, na Fransisko akarudia wimbo wake wa Kilatini akiwa na akili zake timamu. Garimoshi lilisogea, likanywa, dereva akapiga honi ndefu kuliko alivyoruhusiwa. Mjomba Mikidadi, pamoja na magoti yake yale, akajikuta anacheza. Alipogundua anatazamwa, akajifanya anakung'uta tope.

"Shikamoo, mjomba," Kibwana akasema, safari hii kwa sauti kamili.

"Marahaba, mwanangu. Utaoa baada ya Ramadhani."

Ndoa ilifungwa Bigwa. Bi Mwajuma aliteremka kutoka Kinole na jamaa nzima, wamebeba ndizi, mdalasini na kuku wawili wasiokubaliana. Hakuwahi kuliona garimoshi, na aliapa hatalisogelea. Lakini reli ilikuwa imepona, na Bwana Lindner, ambaye sharubu yake ilikuwa imeota upya, aliwapa maharusi behewa tupu la mizigo liwapeleke mpaka Kingolwira na kuwarudisha, wao na wageni wao.

Bi Mwajuma alipandishwa akipiga makelele. Garimoshi lilipoanza kwenda alimshika Chausiku kwa mikono miwili, akafumba macho, akaita majina ya marehemu wote wa ukoo. Mashamba yakaanza kukimbia. Upepo ukampiga usoni. Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akaiona milima ya Uluguru ikigeuka polepole pembeni, mawingu mabegani, na watu wa njiani wakipunga mikono.

Akamwachia mkwewe, akasogea mlangoni, akatoa kichwa nje, kilemba kikipepea.

"Kibwana!" alipiga kelele kwa furaha. "Mwambie huyo Mzungu aongeze!"